Sura ya Sita: Jembe la Mapigo Matatu

Katika historia yote ya komisaria ile ya polisi ya Mikelenge, hakuwahi kutokea ofisa aliyelitangazia vita gogo la mchikichi. Heshima hiyo ilimwangukia Inspekta Nuru Sudi, asubuhi ya Jumanne, mwezi wa nane, mbele ya mashahidi wawili: Brigadia Dieumerci, aliyeshika ufagio, na mbuzi wa Meja, ambaye hakushika kitu.

Gogo lilikuwa limesimamishwa uani, mgongo wake ukutani, kama mshtakiwa asiye na wakili. Inspekta alikunja mikono ya sare, akalishika jembe jipya kwa mikono miwili, akalitazama gogo kwa ukali.

"Inspekta," alisema Dieumerci, "kwa nini tusitumie mulingoti wa bendera? Ule njo umesimama muzuri."

"Kwa sababu ukiupiga mlingoti wa bendera, Brigadia, unaitwa mwasi. Ukilipiga gogo unaitwa mpelelezi. Rudi nyuma."

Dieumerci alirudi nyuma. Mbuzi alibaki palepale, maana mbuzi wa Meja alikuwa na cheo chake.

Vita hii haikuwa ya mchezo. Jana yake asubuhi, kijana mmoja wa kutoka Butembo, jina lake Rodrigue, msafirishaji wa mizigo kwa pikipiki, alipeleka jembe nyumbani kwa Mzee Mbaraka. Kidogo tu baadaye alionekana njiani akiyumba, mkono wake wa kulia umepasuliwa kwa panga kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Mzee Mbaraka hakukana kwamba panga lilikuwa lake. Alisema kijana alimvamia kwa lile jembe, akampiga mapigo matatu, naye kwa ujuzi wake wa vita akayakwepa yote matatu, yakaishia kwenye nguzo ya mlango. Ndipo, kwa masikitiko makubwa, akajitetea.

Nguzo ilikuwa na alama tatu. Jembe lilikuwa chini ya nguzo. Na Mzee Mbaraka alikuwa Mzee Mbaraka. Kila mtoto aliyesoma hapa mjini Kindu alikuwa amesikia jinsi, katika miaka ya vita, kwenye kivuko cha kijito njia ya Kibombo, alivyowaangusha askari watatu wenye bunduki kwa jembe tupu, akilipiza kifo cha mdogo wake Yusufu. Baada ya kusikia hadithi ile, nani angethubutu kusema jembe si silaha?

Meja, mkuu wa komisaria, hakuthubutu. Aliagiza faili ifungwe na kupelekwa parke, kwa mwendesha mashtaka, Jumanne hiyohiyo jioni, na Rodrigue atolewe hospitali apelekwe gereza kuu. Daktari alipoulizwa, hakupamba maneno. Mkono ule ukilala kwenye sakafu ya gereza, alisema, utaoza, na mkono ukioza hauozi peke yake. Kwa hiyo Inspekta alikuwa na muda mpaka gari la alasiri. Baada ya hapo Rodrigue angekuwa mhalifu kwa karatasi na maiti kwa kidonda.

Jambo moja tu lilimkera tangu jana. Zile alama tatu zilikuwa zimepangana vizuri mno, moja chini ya nyingine, kama vifungo vya shati. Mtu anayekwepa hasimami mahali pamoja mara tatu.

Ndiyo maana alfajiri alikwenda sokoni, kwenye kibanda cha Mama Kyakimwa, kilekile alikolichukua Rodrigue jembe lake, akaomba lingine la aina ileile. Mama Kyakimwa alilifunga mpini mbele ya macho yake. Kazi ilikuwa rahisi. Jembe la Kindu, la kufuliwa na wahunzi, lina msuka, yaani mkia wa chuma uliochongoka. Mkia huo huingizwa kwenye tundu la kichwa cha mpini, hugongwagongwa, na kazi imekwisha.

"Pigo la kwanza," alitangaza Inspekta, kwa sauti ya mtu anayefungua kikao cha bunge.

Pigo lilikuwa zuri. Jembe lilipita hewani, likaingia kwenye gogo kwa mlio wa kuridhisha, likanata. Mbuzi aliacha kutafuna.

"Pigo la pili."

Inspekta alivuta kwa nguvu zote ili alinyanyue tena. Mpini ulikuja. Jembe halikuja. Ofisa wa polisi wa Jamhuri alikwenda kinyumenyume kwa mwendo usiolingana na cheo chake, akakutana na beseni la nguo za mke wa Meja, akaketi ndani yake. Maji yalipanda, yakamwagika pande zote kwa adabu.

Dieumerci aliuma midomo mpaka macho yakatoa machozi.

"Cheka, Brigadia," alisema Inspekta kutoka kwenye beseni. "Usije ukapasuka, hatuna ofisa mwingine wa kushika ufagio."

Dieumerci alicheka mpaka akauegemea ufagio. Alipopata pumzi alisema, "Leo njo zamu yako, Inspekta. Jana walinicheka mimi. Komisaria muzima! Mpaka leo wananiita Mvua ya Agosti."

Inspekta alikuwa ameanza kunyanyuka. Akasimama nusu njia, maji yakimtiririka.

"Walikucheka nini?"

"Si suruali? Nilitoka kwa Mzee Mbaraka nyuma ya pikipiki, nikashuka hapa mbele ya watu, suruali imelowa hapa." Alionyesha mahali ambapo mtu mzima hapendi kuonekana amelowa. "Nikawaambia siyo mimi, ni jembe! Nililipakata kwa mapaja, njo ilinilowesha. Nani aliniamini?"

"Mimi nakuamini," alisema Inspekta.

Dieumerci aliacha kucheka. Katika miaka yao ya kazi pamoja, Inspekta hakuwahi kumwambia neno hilo.

"Jembe lilikuwa limelowa mahali gani?"

"Kichwani. Pale mpini inashika chuma."

"Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

"Mvua? Mwezi wa sita, labda. Hata Mungu amesahau."

Inspekta alitoka kwenye beseni, akavuka ua akiacha njia ya maji nyuma yake, akaingia chumba cha vielelezo. Chumba hicho kilikuwa pia chumba cha kulala cha mbuzi, na vielelezo vingi vilikuwa vimeliwa pembeni. Jembe la kesi lilikuwa salama, limefungwa kitambaa. Alilitoa nje kwenye mwanga, akaliweka sambamba na mpini wake mwenyewe.

Mipini miwili ya mti mmoja, ya fundi mmoja. Wa kwake ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, juu mpaka chini. Wa kesi ulikuwa mweupe pia, ila kichwa chake kilikuwa cheusi-cheusi, na weusi ule uliishia kwenye mstari ulionyooka, kama mguu wa mtu aliyevuka mto akarudi. Jana aliuona mstari huo akadhani ni urembo wa fundi. Alijisamehe kwa haraka, maana muda ulikuwa mdogo.

Alishika jembe lile la kesi kwa kitambaa, akalivuta. Halikutikisika. Lilikuwa limeshikana na mpini kama ndugu wa tumbo moja.

"Mti ukinywa maji unavimba," alisema polepole. "Ukivimba, tundu linabana. Nyumbani kwa shangazi yangu majembe yalikuwa yanalala vichwa chini ndani ya maji. Nilidhani wanayaosha."

"Kila nyumba inafanya vile."

"Sasa tunajua kwa nini. Jaza ndoo."

Walichomoa chuma cha jembe jipya kwenye gogo, wakakirudisha kwenye mpini wake, wakalitia kichwa chini ndani ya ndoo. Wakati ndoo inafanya kazi yake, uchunguzi uliendelea. Inspekta aliligonga jembe jingine la zamani la komisaria kwenye mpini wake, likiwa kavu, akamwamuru Dieumerci ageuze ufagio uwe bunduki.

"Nikushambulie sasa. Wewe ni askari. Ufanye kama askari."

"Askari wa kulipwa ao wa kutolipwa?"

"Brigadia!"

Alinyanyua jembe juu ya kichwa. Kabla halijafika juu, mpini wa ufagio ulikuwa umeshamgusa tumboni, kwa heshima. Alijaribu tena, kutoka ubavuni. Dieumerci alizuia kwa ufagio, mpini ukakutana na mpini, na chuma kikaendelea na safari yake peke yake, kikaanguka karibu na kwato za mbuzi. Mbuzi aliondoka uani kwa maamuzi yake mwenyewe, wala hakurudi mpaka jioni.

"Hii si silaha," alisema Dieumerci, akiokota chuma. "Hii ni njia ya kujiua polepole."

"Ni silaha ya mtu anayemkuta mwenzake amelala," alisema Inspekta. "Au amegeuka. Panga limetengenezwa kukata vitu vinavyoyumba: matawi, majani, mitambaazi. Ni jepesi, linarudi mkononi. Jembe limetengenezwa kwa adui asiyehama. Udongo haukimbii na haurudishi pigo."

Baada ya chakula cha mchana walilitoa jembe kwenye ndoo. Inspekta alilipiga gogo pigo la kwanza, akavuta. Chuma kilitoka na mpini. La pili. La tatu. Alama tatu zilibaki kwenye gogo, moja chini ya nyingine, kama vifungo vya shati.

Alipanda pikipiki bila kubadilisha sketi yake ya sare, yenye madoa ya maji ya beseni.

*

Rodrigue alikuwa amelala kitanda cha mwisho kabla ya dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka begani. Wa kushoto ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Pingu hizo zilikuwa ndizo pekee zinazofunga katika komisaria nzima. Jozi nyingine ilikuwa na tabia ya kufunguka mshtakiwa akipiga chafya.

"Mama Inspekta," alisema. "Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuuliza. Jembe ulilichukua wapi?"

"Kwa Mama Kyakimwa. Bibi ya Mzee Mbaraka aliagiza, ya msimu wa mpunga. Nikalifunga nyuma ya pikipiki, nikalipeleka."

"Mkewe ulimkuta?"

"Hapana. Mzee peke yake. Alisema bibi yuko Kailo, kwa kilio, tangu juma ile ingine. Nikaliegemeza ukutani. Akaniita nikae, akaanza kunipigia ile hadithi yake ya vita."

"Ukafanya nini?"

Kijana alitazama dari. "Nilicheka."

"Ulicheka mwanzo au mwisho?"

"Katikati. Pale alisema alimupiga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikasema, Papa, na hawa wengine wawili walikuwa wanangoja zamu yao, sawa mbele ya daktari? Akasimama, akaingia ndani. Nilifikiri anaenda kuleta chai." Aliutazama mkono uliofungwa. "Kucheka iko mu sheria, mama?"

"Bado. Jembe ulilishika tena?"

"Sikulishika."

"Ulililowesha?"

Rodrigue aligeuza kichwa, akamtazama vizuri, kama mtu anayejiuliza ni nani kati yao aliyepoteza damu.

"Kulowesha? Jembe iko muchele?"

"Jibu swali."

"Sijalowesha jembe toka nizaliwe. Kwetu Butembo jembe iko na tundu yake ya chuma, unaingiza muti, unapiga kabari, basi. Nani analowesha jembe?"

"Asante," alisema Inspekta. Aliondoka kwa hatua za haraka, na muuguzi aliyempisha mlangoni aliona sketi yake, akafungua mdomo, akaona uso wake, akaufunga.

Kabla ya kufika kwa Mzee Mbaraka alisimama nyumba ya jirani. Hawa, jirani huyo, ndiye aliyemfunga Rodrigue kitambaa njiani na kumtafutia mtu wa kumpeleka hospitali. Alikuwa anatwanga.

"Dada Hawa, jana baada ya kelele, Mzee alitoka nje?"

"Hakutoka. Nilimubishia hodi, nikasema Baba, uko muzima? Akasema ndiyo, niache. Mlango wa ua ulifungwa mpaka Brigadia alikuja, kisha ya adhuhuri."

"Ulisikia kitu?"

Hawa aliutuliza mchi. "Nilisikia anapasua kuni. Karibu na adhuhuri. Ko! Ko! Ko! Nikasema, huyu mzee, na mambo yote haya, anapika?"

"Alipiga mara tatu?"

"Mara tatu. Kisha kimya. Nikasema kuni gani hii ya mara tatu?"

*

Mzee Mbaraka alikuwa barazani kwake, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, kiti cha mianzi. Majirani watatu walikuwa wamekuja kumpa pole kwa kumkata mtu. Nyuma yake nguzo ya mlango ilisimama na alama zake. Mkewe, Mwanahamisi, aliyerudi kutoka Kailo asubuhi hiyo, alikuwa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo, bado amevaa kitambaa cha msiba.

"Salaam aleikum, Baba."

"Aleikum salaam, binti ya Sudi." Mzee aliwatazama majirani. "Baba yake alikuwa anakaa hapa, kiti hii hii. Mutu wa haki. Najua binti yake hatamupendelea mugeni akamutupa muzee wa kwao. Faili imeisha?"

"Imebaki kidogo, Baba. Kuna kitu nashindwa kukiandika." Alilitoa jembe lake kwenye gunia. Alikuwa ameuondoa mpini ule uliolowa, akaweka mwingine kutoka kwa Mama Kyakimwa, mweupe na mkavu. "Mimi nimekulia shule ya bweni. Tulifundishwa kulima kwenye ubao. Parke wataniuliza: mtu anapiganaje na jembe? Nani mwingine Kindu nzima anaweza kunifundisha?"

Majirani walitikisa vichwa. Kweli, nani mwingine? Dieumerci, aliyesimama nyuma, alitazama mawingu ambayo hayakuwapo.

Mzee alinyanyuka. Miaka ishirini ilimtoka mabegani. Alilipokea jembe, akalipima uzito, akashika mpini karibu na kichwa.

"Kwanza, haushike mbali sawa mwanamuke analima. Unashika karibu. Pili, haupige kichwa, unapiga mukono wa bunduki. Tatu..." Kidole chake kilikuwa kimepita kwenye kichwa cha mpini. Kikasimama. Uso wake ukakunjamana, uso wa mtu aliyepewa chai bila sukari.

"Hii jembe iko kavu."

"Ni mpya, Baba."

"Kavu kabisa! Haiwezi kazi." Bila hata kufikiri alielekeza kidole pembeni ya ukuta, palipokuwa na bidoo, dumu la manjano lililokatwa nusu, limejaa maji. "Brigadia, tia mule. Kichwa chini. Iache kwanza inywe."

Dieumerci alilitia. Maji yalifika nusu ya kichwa cha mpini, yakatulia.

"Isipokunywa inakuwaje?" aliuliza Inspekta.

"Inakuwaje? Unapiga moja. Moja tu! Chuma inabaki mule ulipiga, wewe unabaki na fimbo mukononi, na ule askari bado anakutazama." Mzee alisema kwa ukali, kana kwamba mtu alikuwa amembishia. "Fimbo! Utamupiga na fimbo?"

"Kwa hiyo la pili halipo."

"Halipo."

"Wala la tatu."

"Nimekuambia, binti. Moja."

Inspekta alikwenda mpaka kwenye nguzo ya mlango. Mwanahamisi alivuta ungo wake kumpisha. Inspekta aliweka kidole kwenye alama ya juu.

"Moja," alisema. Akashusha kidole. "Mbili." Akashusha tena. "Tatu."

Jirani mmoja alikuwa ananyanyua kikombe. Hakikufika mdomoni.

"Rodrigue alilitoa jembe sokoni, akalileta hapa," alisema Inspekta. "Mama Kyakimwa haloweshi, anauza. Rodrigue haloweshi, kwao wanapiga kabari. Nilipomuuliza alidhani nazungumzia mchele. Lakini Brigadia alipolichukua lilikuwa limelowa mpaka likamlowesha suruali, na mstari wa maji uko kwenye mpini mpaka sasa. Baba, nani alilitia kwenye maji?"

Mzee Mbaraka aliangalia bidoo. Kisha akaangalia mlango.

"Labda Mwanahamisi."

Mchele uliacha kulia kwenye ungo.

"Mimi?" alisema Mwanahamisi. "Jembe yenyewe sijaiona hata rangi. Nilikuwa Kailo, tunazika. Watu wote wa Kailo waliniona nikilia, na wewe unasema nilikuwa hapa nalowesha jembe?"

"Nyamaza, mama."

"Sinyamaze. Miaka yote nimenyamaza." Aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti. "Binti ya Sudi, umeuliza jembe kavu inafanya nini. Huyu anajua. Alimuona Yusufu. Tulikuwa kwenye kivuko, sisi wote, tumebeba vitu juu ya kichwa, tunakimbia vita. Kiangazi, sawa leo. Askari wakatokea. Yusufu akachomoa jembe mu muzigo wangu, akapiga. Chuma ikabaki mu mufuko ya mugongo ya ule askari. Yusufu akabaki na fimbo."

Jirani aliyenyanyua kikombe alikirudisha chini.

"Na Mzee?" aliuliza Inspekta.

"Mzee alinipita mbio, mimi na mutoto mugongoni." Mwanahamisi alimtazama mumewe. "Sikukulaumu. Kila mutu alikimbia. Ungebaki, ningezika wawili. Lakini askari watatu walitoka wapi? Ile njo sijui mpaka leo."

Mzee aliketi. Kiti cha mianzi kililia chini yake. Alitazama jembe ndani ya maji, mpini umesimama kama mtu anayengoja kivukoni.

"Alicheka," alisema hatimaye. "Nilifika kwa jina ya Yusufu, akacheka."

"Alicheka hesabu ya askari, Baba. Jina la Yusufu hakulijua."

"Alicheka."

"Na baada ya kumkata ukafunga mlango wa ua, ukalowesha jembe, ukangoja linywe, ukapiga nguzo."

Mkono wa kulia wa Mzee, uliokuwa juu ya goti, ulifunguka na kujifumba, kama unatafuta mpini.

"Brigadia," alisema Inspekta. "Pingu."

Dieumerci alisogea karibu, akanong'ona kwa sauti ambayo baraza nzima ilisikia. "Inspekta, pingu iko hospitali. Kwa kitanda."

"Najua ziko wapi. Chukua ufunguo. Mwambie daktari Rodrigue habebwi leo, wala kesho. Mwambie Meja gari lake lije hapa badala ya hospitali. Halafu urudi na pingu."

"Na Meja akiuliza kwa nini?"

"Mwonyeshe suruali yako ya jana."

Dieumerci aliondoka, pikipiki ikakohoa mpaka mwisho wa barabara. Majirani walikumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine, wakaaga kwa sauti ndogo. Inspekta alivuta kiti, akaketi mkabala na Mzee. Mwanahamisi alirudi kwenye mchele wake. Watoto wawili waliotoka shule walisimama kwenye ua, kama ilivyokuwa desturi yao, wakitegemea hadithi. Mzee hakuwaona. Walingoja kidogo, wakaenda.

Dieumerci aliporudi, pingu zilikuwa zinanuka dawa ya hospitali.

"Rodrigue amesema nini?" aliuliza Inspekta.

"Alilala. Nilipofungua hakuamuka. Aligeuka tu, akaweka ule mukono muzima chini ya shavu."

Mzee Mbaraka alinyoosha mikono yake miwili mwenyewe. Kabla pingu hazijafungwa, alielekeza kidevu kwenye bidoo la maji.

"Mwanahamisi. Ile jembe ya binti ya Sudi imekunywa vya kutosha. Itoe, isije ikaoza."

Mwanahamisi alilitoa. Alilitikisa mara moja, maji yakaanguka kwenye vumbi, na chuma hakikusogea. Kisha akamkabidhi Inspekta jembe lake, bila kumtazama mumewe, akaingia ndani.